Sambusa: safari ya manda kutoka Baghdad hadi vibarazani kwetu, na nani ataitengeneza kesho

[1] Mwanzisha uzi, Dar es Salaam

Wanajukwaa, mijadala ya sambusa kwa kawaida huishia kwenye ubishi wa nani mwenye sambusa tamu zaidi, Unguja au Mombasa, na kama ile ya viazi inastahili kuitwa sambusa. Naomba katika uzi huu tulijadili jambo ambalo naliona zito zaidi: kitafunwa hiki kimetoka wapi, kimefikaje kuwa chakula cha kila siku kuanzia Lamu hadi Bujumbura, na kitakuwaje iwapo unga, mafuta na nyama vitaendelea kupanda bei huku mabinti na vijana wanaojua kusukuma manda, yaani ule mkate mwembamba unaofungia sambusa, wakizidi kuwa wachache majumbani. Msimamo wangu nautaja mapema ili atakayepinga ajue anapinga nini. Historia ya sambusa ni historia ya manda, si ya nyama iliyomo ndani, na mustakabali wake utaamuliwa na yule atakayetengeneza manda hiyo.

Ushahidi wa zamani ulio wazi unatoka Baghdad ya makhalifa wa Bani Abbas. Ishaq al-Mawsili, mwanamuziki mashuhuri wa huko aliyefariki mwaka 850, alitunga shairi la kukisifu chakula kilichoitwa sanbusaj, na shairi lenyewe ni mapishi kamili: nyama nyekundu laini iliyokatwakatwa pamoja na mafuta yake kidogo, vitunguu, kabichi mbichi, giligilani, mdalasini, karafuu, tangawizi, pilipili manga na bizari nyembamba, vyote vikafungwa ndani ya unga na kukaangwa. Mpishi wa Pemba akisomewa orodha hiyo leo ataishangaa kabichi, lakini hatauliza ni chakula gani kinachozungumzwa. Karafuu zilizotajwa humo, ikumbukwe, hazikutoka kwetu. Wakati huo zilitoka visiwa vya Maluku, katika Indonesia ya leo, na mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yalikuja kuanzishwa karne ya 19.

Aliyetuhifadhia shairi hilo ni mwanahistoria al-Masudi, na hapa pana jambo ambalo hunifurahisha kila ninapolikumbuka. Al-Masudi huyo huyo alifika kwenye pwani yetu. Anaeleza kwamba safari yake ya mwisho ya kutoka kisiwa cha Qanbalu kurudi Oman ilikuwa mwaka 304 wa Hijria, yaani 916 au 917, na wanahistoria wengi wanakitambua kisiwa hicho kuwa Pemba. Hilo halithibitishi kwamba sambusa ililiwa Pemba wakati huo, wala sitaki mtu alitumie kwa madai hayo. Linachoonyesha ni kwamba watu waliokuwa wakiijua sambusa ya Baghdad walikuwa wakishuka kwenye bandari zetu zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, kwa majahazi yaliyofuata pepo za msimu.

Baada ya hapo tunao ushahidi ninaouthamini kuliko wote. Mwaka 1226, Muhammad bin al-Hasan al-Baghdadi aliandika kitabu cha mapishi ambamo anaeleza kwamba mkate mwembamba hukatwa vipande virefu, hutiwa nyama iliyotayarishwa, hukunjwa pembe tatu, kingo zake hugandishwa kwa unga kidogo uliolowanishwa, kisha hutumbukizwa katika mafuta ya ufuta. Someni tena maelezo hayo taratibu. Mkate mwembamba ulioiva kabla ya kujazwa, vipande virefu, pembe tatu, gundi ya unga: hiyo ni manda yetu, hatua kwa hatua, pasipo kitu muhimu kilichobadilika isipokuwa mafuta. Kujazwa kwa sambusa kumebadilika kila ilipofika, lakini namna hii ya kuifunga imedumu karibu miaka 800.

Sasa je, ilifika lini Pwani? Wapo wanaosema kwa uhakika kwamba masultani wa Kilwa walikuwa wakifuturu kwa sambusa. Mimi sioni msingi wa uhakika huo. Msafiri wa Morocco, Ibn Battuta, alipita Mogadishu, Mombasa na Kilwa mwaka 1331, na huko Mogadishu alieleza kwa makini alichokaribishwa: wali uliopikwa kwa samli, ndizi zilizopikwa katika maziwa, achari ya ndimu na ya pilipili, tangawizi mbichi na maembe. Sambusa haimo. Miaka michache baadaye, alipofika Delhi, msafiri huyo huyo alieleza vizuri sana kitafunwa cha nyama iliyosagwa pamoja na lozi, jozi, pistachio, vitunguu na viungo, kilichofungwa katika mkate mwembamba na kukaangwa kwa samli. Mtu aliyekuwa na jicho kali la chakula namna ile aliitaja alipoiona. Kutotajwa kwake Mogadishu si hoja ya kufunga kesi, lakini kunanifanya niamini kwamba sambusa kama chakula cha watu wengi ilituenea baadaye, hasa katika karne ya 19, Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, na wafanyabiashara wa Kihindi kutoka Kutch na Gujarat walipoongezeka katika miji ya pwani, wakikaa mtaa mmoja na Waarabu wa Oman na Hadhramaut na Waswahili wenyeji.

Kutoka pwani kwenda bara, mchango wa reli haukwepeki. Kati ya mwaka 1896 na 1901 Waingereza waliwaleta zaidi ya wafanyakazi 30,000 kutoka India kujenga reli ya kutoka Mombasa hadi Kisumu. Wengi wao walirudi kwao, maelfu kadhaa wakabaki, na walionufaika na reli hiyo baadaye walikuwa wenye maduka waliofuata njia yake. Chai na vitafunwa vyake vilipanda bara pamoja na maduka hayo.

Lakini tazameni kilichotokea. Katika Bara Hindi, sambusa inayojulikana zaidi leo, hasa ile ya Punjab, ni nene, imejaa viazi na njegere, na unga wake hautiwi kwenye chuma kabla ya kukaangwa. Viazi vyenyewe vilitoka Amerika na kufika India kupitia Wareno, kwa hiyo sambusa ya viazi, pamoja na heshima zake zote, ni mtoto mdogo katika ukoo huu. Sisi tumebaki na manda nyembamba. Wagujarati wa Afrika Mashariki nao wanayo, na Wahadhrami wanayo. Nadhani ndiyo sababu haikutushinda kuifanya yetu: ilitujia kwa milango miwili, na kila mlango ulikuja na ufundi ule ule.

Anayetaka kuelewa kwa nini natilia mkazo manda aangalie inavyotengenezwa. Unga wa ngano hukandwa kwa maji, chumvi na mafuta kidogo mpaka ulainike, huachwa upumzike, kisha hugawanywa vidonge. Kila kidonge husukumwa kiasi cha kiganja, hupakwa mafuta, hunyunyizwa unga mkavu, na kingine hulazwa juu yake. Wenye mkono mzoefu hupanga vinne au zaidi. Rundo hilo husukumwa kwa pamoja mpaka liwe pana na jembamba, huwekwa juu ya chuma cha chapati chenye moto mdogo, upande huu na upande ule kwa muda mfupi tu, kisha huambuliwa lingali moto, tabaka moja baada ya jingine. Mafuta na unga mkavu ndivyo vinavyozuia tabaka zisishikane, na mvuke unaojifungia katikati ndio unaozitenganisha. Kinachopatikana ni manda nyembamba ambazo hakuna mtu angeweza kuzisukuma moja moja bila kuzichana. Akichelewa kuziambua, zinagandana. Akizidisha moto, zinakauka na kukatika wakati wa kukunja. Hapo ndipo penye ufundi, na hakuna kipimo cha kijiko kinachoweza kuchukua nafasi yake.

Kwa kuwa manda imeshapita kwenye chuma, wanga wake umekwisha kuiva kwa sehemu. Inapoingia katika mafuta yenye moto wa nyuzi 170 hadi 180 hutoa maji yaliyobaki upesi, ikakauka na kuwa na sauti ile tunayoijua inapovunjwa, bila malengelenge na bila kunywa mafuta mengi. Mafuta yakiwa ya uvuguvugu, manda hulowa kabla haijakauka, na sambusa hiyo itaacha alama kubwa kwenye karatasi. Ndiyo maana pia wapishi wazuri hukausha nyama ya kusaga kabisa kwa ndimu, thomu na tangawizi, wakaiacha ipoe, ndipo wakachanganya vitunguu vilivyokatwa vidogo sana na kukamuliwa maji. Adui wa manda ni unyevu, kutoka nje au kutoka ndani.

Kuhusu mustakabali nitasema machache sasa, niwasikilize wengine kwanza. Sambusa imefungwa kwa kamba na bidhaa tatu ambazo mpishi hana mamlaka nazo: ngano, ambayo sehemu kubwa tunaagiza kutoka nje, mafuta ya kula, ambayo nayo tunaagiza mengi, na vitunguu, ambavyo bei yake hupanda na kushuka kufuatana na mavuno ya Mang'ola, Ruaha Mbuyuni na kwingineko. Mwaka 2022 tuliona kamba hizo zikivutwa kwa pamoja. Vita vya Ukraine vilianza Februari na kugusa ngano na mafuta ya alizeti ya dunia nzima, na tarehe 28 Aprili Indonesia ikazuia kusafirisha mafuta ya mawese hadi karibu mwisho wa Mei. Mama anayekaanga sambusa kando ya kituo cha daladala hakuwa na namna ya kupandisha bei kwa kasi hiyo, kwa sababu mteja wake ana sarafu ile ile mkononi kila asubuhi. Alichoweza kufanya ni kupunguza nyama, kuongeza vitunguu, kufanya pembe iwe ndogo, na kuyarudia mafuta. Je, tunaweza kumpa njia bora kuliko hizo?

[2] Mchangiaji, Mombasa

Ndugu mwanzisha uzi, nakushukuru kwa kutufungulia mlango huu, na hasa kwa kutowakubalia wanaopeleka kila kitu Kilwa. Nina kibanda cha chai na vitafunwa, na napenda kupinga sehemu moja ya hoja yako kwa heshima. Unaizungumzia manda ya mkono utafikiri ndiyo roho ya sambusa. Mimi nanunua manda zilizotengenezwa tayari, zimekatwa sawasawa, zimefungwa kwenye pakiti, na kazi yangu ni kutayarisha kima, yaani nyama ya kusaga, kukunja na kukaanga. Kama ningelazimika kusukuma manda, ningehitaji mtu mwingine alfajiri na kibanda kisingejilipa. Hakuna anayemlaumu mwenye hoteli kwa kununua mkate badala ya kuuoka mwenyewe.

Hoja yangu ya pili inahusu mteja. Vijana wanaokuja kwangu wanauliza kwanza kama sambusa ni ya moto, kisha kama ina kima cha kutosha. Hajatokea aliyeniuliza nani aliisukuma manda. Ukiniuliza mustakabali uko wapi, nitakuambia uko kwenye friza: sambusa zilizokunjwa tayari, zikagandishwa, zikauzwa kwa dazeni, mwenye nyumba akakaanga mwenyewe anapotaka. Katika mwezi wa Ramadhani majirani zangu kadhaa hupokea oda kwa simu wiki nzima kabla ya mwandamo, na hiyo ni biashara yenye heshima, inafanyika ndani ya nyumba, na haihitaji kukaa juani.

[3] Mchangiaji, Leicester

Assalaam aleikum wote. Wazee wangu walikuwa Kampala hadi mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 kuondoka. Wengi walikuja Leicester, ingawa halmashauri ya mji huu ilikuwa imeweka tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwasihi wasije. Walikuja na masanduku machache, na jiko lao lilikuja nao. Hadi leo ukienda kwenye maduka ya Waasia wa Afrika Mashariki katika miji ya Uingereza utakuta muhogo wa kukaanga unauzwa kwa jina la mogo, na sambusa nyembamba za nyama za namna ya kwetu zikiwa kando ya zile nene za Punjab.

Naandika kwa sababu jambo mnalolijadili kama mustakabali, sisi huku tumeshalipitia. Manda za kiwandani, ambazo Wagujarati huziita patti, zimekuwa zikiuzwa madukani kwa muda mrefu, zikiwa zimegandishwa. Sambusa haikufa. Naweza hata kusema kwamba inaliwa na watu wengi zaidi, maana Waingereza wa kila asili wanaijua. Lakini kizazi cha mama yangu kilijua kuambua manda kwenye chuma, na kizazi changu kinajua kufungua pakiti. Sisemi hivyo kwa kulalamika. Nasema kwamba yule mwenye mashine ndiye sasa anayeamua unene wa manda, ukubwa wa pembe, na aina ya mafuta yaliyopakwa, na sisi tunarekebisha kujaza tu.

[4] Mchangiaji, Tanga

Shikamoo wakubwa. Nimesoma uzi wote kwa makini, na naona afya imepita kwa neno moja tu la kurudia mafuta. Naomba tulikazie. Mafuta yanayochemshwa mara nyingi huharibika. Rangi hugeuka nyeusi, huanza kutoa moshi mapema, huwa mazito na kutoa povu, na kemikali zinazozaliwa humo si salama kwa mlaji wa kila siku. Shirika la Afya Duniani lilitoa wito mwaka 2018 kwamba mafuta ya trans yanayotengenezwa viwandani, yaani mafuta ya maji yaliyogeuzwa kuwa magumu, yaondolewe katika vyakula vya dunia ifikapo mwaka 2023, na baadhi ya mafuta magumu ya kukaangia yanayouzwa kwa bei nafuu yanaingia katika suala hilo. Kuna pia nyama ya kusaga, ambayo huharibika haraka kuliko nyama ya kipande kwa sababu kila punje yake imeguswa na hewa, mashine na mikono. Sambusa iliyokunjwa jioni ikalala nje hadi alfajiri katika joto la mji wetu ni hatari, hata kama itakaangwa ikawa nzuri kwa macho.

Swali langu kwa mwanzisha uzi ni hili: unapendekeza nini kijazwe ndani ya sambusa ya shilingi chache ili mkaangaji asilazimike kuchagua kati ya nyama mbovu na vitunguu vitupu? Na la pili, je, unga wa muhogo hauwezi kupunguza ngano? Mimi nimejaribu kuchanganya nusu kwa nusu, na manda zilikatika zote wakati wa kuambua.

[5] Mwanzisha uzi

Marahaba, ndugu yangu wa Tanga, na ahsanteni nyote. Nitaanza na unga, kwa kuwa ndio ulioshikilia mengine.

Ngano ina protini ambayo ikilowa na kukandwa hufanya utando unaonyumbuka, na utando huo ndio unaoruhusu manda kusukumwa hadi iwe nyembamba bila kuchanika. Muhogo hauna protini hiyo. Kwa hiyo nusu kwa nusu haiwezekani kwa manda, hata ungeikanda usiku kucha. Kiasi kidogo kinawezekana, na Nigeria iliwahi kuweka sera ya kuchanganya asilimia 10 ya unga wa muhogo katika unga wa mkate. Kwa manda ningependekeza mchanganyiko usizidi hapo, na unga wa muhogo uwe mweupe, uliokaushwa vizuri na kuchekechwa kwa ungo laini, kwa kuwa punje moja kubwa hutoboa manda nzima. Asilimia 10 inaweza kuonekana ndogo machoni pa mtu mmoja. Kwa kiwanda kinachotengeneza manda kila siku si ndogo hata kidogo, na muhogo tunaulima wenyewe kuanzia Mtwara hadi Kigoma. Tukizingatia pia kwamba ngano inaweza kustawi katika nyanda zetu za juu, kama ilivyoonekana Hanang tangu mradi wa mashamba makubwa uliosaidiwa na Kanada miaka ya 1970, sioni kwa nini bei ya sambusa yetu iamuliwe na vita vya mbali peke yake.

Kuhusu kujaza, nawaomba tusiifanye nyama kuwa sharti. Katika Ethiopia na Eritrea sambusa ya dengu ni chakula kinachoheshimiwa, hasa katika siku nyingi za mfungo wa Kanisa la Orthodox ambapo waumini hawali nyama wala maziwa. Haijachukuliwa kama sambusa ya mtu aliyekosa nyama. Nasi tunazo choroko, kunde, adesi na mbaazi. Mbaazi ya Lindi na Mtwara iliwahi kukosa soko India ilipoweka vizuizi vya uagizaji mwaka 2017, huku mtoto wa shule mjini akinunua sambusa yenye vitunguu na chembe mbili za nyama. Choroko zilizochemshwa zikabaki nzima, zikakaushwa kwenye sufuria kwa thomu, tangawizi, bizari nyembamba na pilipili, kisha zikachanganywa na vitunguu na giligilani, hazitoi maji mengi, zina protini, na haziharibiki upesi kama nyama ya kusaga. Samaki nao wana nafasi yao. Jodari aliyechemshwa na kuchambuliwa, akakaangwa makavu kwa ndimu, hufanya sambusa nzuri sana Pwani, na kwa walio karibu na Ziwa Victoria, dagaa waliosafishwa vizuri wanaweza kuchanganywa na viazi kidogo. Yale majaribio ya chokoleti na jibini ninayoyaona mijini siyapingi, ila hayamgusi mtu anayepata kifungua kinywa kwa sarafu.

Kaka yangu wa Mombasa, hoja yako ya mkate ina nguvu, na sitaki mtu yeyote afikiri kwamba namtaka mwenye kibanda aamke saa tisa usiku kusukuma manda. Nakubaliana nawe kwamba manda itatengenezwa mbali na karai. Ninachokataa ni dhana kwamba ikitoka mikononi lazima iende moja kwa moja kwenye kiwanda kikubwa au kwenye kontena kutoka ng'ambo. Ndugu yetu wa Leicester ametuonyesha kinachofuata: mwenye mashine huamua unene, na unene ndio sambusa. Manda nyingi za kiwandani nilizokutana nazo ni nene kuliko za nyumbani, kwa sababu manda nene haichaniki kwenye mashine wala safarini. Zikikaangwa huwa ngumu badala ya kuvunjika, na mlaji akizoea hivyo kwa miaka kadhaa hatadai tena nyingine.

Kati ya nyumba na kiwanda kikubwa pana nafasi, na nafasi hiyo tayari ina watu. Katika miji yetu wapo akina mama, na siku hizi vijana wa kiume pia, wanaotengeneza manda pekee, hawakaangi chochote, wanauza kwa wenye vibanda, hoteli na majumba. Hawa ndio ninaowaona kama wenye mustakabali wa kitafunwa hiki mikononi. Wanahitaji mambo ambayo si makubwa: mashine ndogo ya kukandia, ambayo inaondoa kazi ngumu kuliko zote bila kugusa ufundi wa kusukuma na kuambua, chuma pana cha gesi chenye moto unaoenea sawasawa, mizani, na friza inayotegemewa hata umeme unapokatika. SIDO, iliyoanzishwa mwaka 1973 kwa ajili ya viwanda vidogo, inafaa kabisa kwa kazi hiyo. Upande wa viwango, tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara uko TBS, yaani Shirika la Viwango Tanzania, baada ya kuhamishwa kutoka iliyokuwa TFDA, Mamlaka ya Chakula na Dawa, na mtengeneza manda anayetaka kuuza katika maduka makubwa hana budi kupita huko.

Ningetamani wafanye jambo moja zaidi kwa pamoja, nalo ni kukubaliana wenyewe juu ya kipimo cha manda yao: upana wa kipande, idadi katika pakiti, na uzito wa pakiti nzima. Kwa kuwa upana na idadi vikijulikana, uzito husema unene bila mtu kuhitaji chombo kingine cha kupimia. Mnunuzi akishajua kwamba pakiti ya vipande fulani yenye uzito fulani ni manda nyembamba, ataweza kuidai kwa jina na kuilipia. Bila kipimo, manda nene ya bei nafuu na manda nyembamba ya mtu aliyetaabika zinakaa kwenye rafu moja zikiwa sawa machoni, na nyembamba itashindwa kila siku kwa bei.

Vifungashio navyo vimebadilika. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya mwezi Agosti 2017 na Tanzania Bara mwezi Juni 2019, na wakaangaji wengi wamehamia kwenye mifuko ya karatasi. Hilo ni jema kwa sambusa yenyewe, maana ndani ya plastiki hulowa kwa mvuke wake. Kilichobaki ni kuacha kuzifunga kwa karatasi za magazeti, kwa kuwa wino na mafuta ya moto havifai kukutana kwenye chakula.

Kuhusu afya, nakubaliana na ndugu wa Tanga bila kupunguza neno. Naongeza tu kwamba manda nyembamba inasaidia hapo pia, kwa sababu hukaa ndani ya mafuta muda mfupi. Wapo wanaooka sambusa kwenye oveni au kuzikausha kwa mashine za hewa moto baada ya kuzipaka mafuta kidogo kwa brashi. Manda nyembamba hukubali njia hiyo vizuri, nene hutoka kama biskuti. Kwa mgonjwa wa moyo au kisukari ni njia ya kuzingatia, hasa wakati wa futari ambapo sambusa, katlesi, kachori na bajia hukutana kwenye sinia moja.

[6] Mchangiaji, Mombasa

Nimekuelewa, kaka, na suala la uzito wa pakiti limenishika. Kweli nimewahi kununua manda za bei ya chini, na wateja wakaniambia sambusa zimekuwa ngumu, nami nikalaumu mafuta. Naomba unifafanulie jambo la kazi: nikizinunua kwa mtengenezaji mdogo, nizihifadhi vipi zisigandane wala zisikauke? Hilo ndilo lililonirudisha kwenye pakiti za dukani.

[7] Mwanzisha uzi

Zikifika zikiwa bado na joto, zitandaze zipoe kabisa, kwa sababu mvuke ukifungiwa ndani ndio unaozigandisha. Zikishapoa, zipange kwa mafungu unayotumia kwa siku moja, ukinyunyiza unga mkavu kidogo sana kila baada ya vipande kadhaa, kisha funga kila fungu kwa karatasi na uliweke ndani ya chombo chenye kifuniko kinachobana. Katika jokofu la kawaida zitumie ndani ya siku chache. Kwenye friza zinakaa kwa wiki kadhaa bila kuharibika, mradi fungu lisifunguliwe na kurudishwa. Usiku kabla ya kazi lihamishe fungu kutoka kwenye friza hadi sehemu ya kawaida ya jokofu, liyeyuke taratibu likiwa bado limefungwa, na alfajiri lifungue dakika chache tu kabla ya kukunja, ukilifunika kwa kitambaa kibichi kilichokamuliwa vizuri. Ukizikuta kingo zimekauka, usizipake maji. Zirudishe kwenye chuma chenye moto mdogo sana, mbili mbili, kwa muda wa kuhesabu hadi tano, nazo zitalainika vya kutosha kukunjwa. Gundi ya unga iwe nzito kama uji mzito, maana ikiwa nyepesi italowesha pembe na sambusa itafunguka ndani ya karai.